Constantino Draku, Aliyefuta Vumbi Mara Mbili

Ndugu wa Ajia, wakwe zetu mliofika kutoka Koboko, walimu, wanafunzi wa zamani, majirani Wakristo na Waislamu, na nyinyi mliovuka mpaka wa Kongo asubuhi hii kutoka Ariwara, familia imekubaliana historia hii isomwe kwa Kiswahili ili asibaki mtu nje ya mlango, na kazi ya kuisoma imekabidhiwa kwa Mindra, dada wa marehemu anayemfuata kwa kuzaliwa, kwa sababu marehemu aliacha maandishi kwamba mwanawe Ivan asipewe karatasi hizi, angezisoma mbio kama baba yake na kuruka pale panapouma. Tunaomba mketi. Aliyelala mbele yetu hakuketi sana maishani mwake, basi leo tuketi kwa niaba yake.

Constantino Draku alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, hapa hapa Ajia, mtoto wa kwanza kati ya watano wa marehemu Ezati, mkulima wa tumbaku na mihogo, na marehemu Candiru, aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai kando ya barabara ya murram isiyo na lami, hoteli yenye mabenchi matatu na viti viwili vya wageni wa heshima. Alitembea akiwa na miezi tisa, na kwa mujibu wa mama yake tangu siku ile hakusimama, alikula huku anazunguka nyumba, alisali huku anahesabu mbuzi wa jirani, na kazi pekee iliyomtuliza ilikuwa kufuta viti vya hoteli. Mama Candiru alikuwa na sheria moja, kiti kifutwe mgeni anapoonekana mbali, kisha kifutwe tena anapoinama kukaa, kwa sababu kati ya kufuta na kukaa lori limeshapita. Sheria hiyo ilimwingia Draku mpaka kwenye mifupa. Tunaomba muikumbuke, tutairudia.

Alisoma shule ya msingi Ajia kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaingia sekondari mjini Arua mwaka 1975, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978 akiwa wa kwanza katika fizikia na wa mwisho katika mwenendo, kosa lake likiwa kusimama darasani bila ruhusa, na alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita pale vita vilipotufukuza sote mwezi Oktoba 1980, familia ikavuka kwa miguu kwenda upande wa Ariwara. Huko walikaa miaka mitano na miezi kadhaa. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili hiki, na huko ndiko alikoanza ualimu, akifundisha watoto wa wakimbizi hesabu kwa kuandika juu ya mlango na kipande cha muhogo mkavu, na waliosoma kwenye mlango ule baadhi yao wapo hapa leo na mvi zao.

Alirudi nyumbani mwaka 1986, akamaliza kidato cha sita mwaka 1987 akiwa mkubwa kuliko baadhi ya walimu wake, akajiunga na chuo kikuu Kampala mwaka 1988 na kupata shahada ya fizikia mwaka 1991. Katika maktaba ya chuo alifungua kitabu na kuona picha ya nyota inayokufa imezungukwa na wingu la gesi na vumbi, akamwandikia Mindra barua ya mistari miwili, kwamba hata huko juu kuna vumbi, na kwamba lazima mtu fulani ajue limetoka wapi. Mindra alijibu kwamba kama ni vumbi tu anatafuta, nauli ya kurudi Ajia ni nafuu.

Mwezi Septemba 1991 alipangiwa kufundisha fizikia sekondari Koboko, na huko akakutana na Patricia, muuguzi, binti wa mama Bushira. Kwa wanaoshangaa jina hilo la Kiislamu, mama mkwe alibatizwa ukubwani na akakataa katakata kubadili jina alilopewa na baba yake. Walifunga ndoa kanisani Koboko siku ya Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1992, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ivan, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1993, na Ayikoru, aliyezaliwa tarehe 27 Mei 1997. Katika ndoa hiyo ya miaka thelathini na mitatu Patricia alisema sentensi moja mara nyingi kuliko Baba Yetu, alimwambia, "Draku, kaa chini, kiti hapana uma mutu." Yeye alijibu kila mara kwamba anakuja, na alikunywa chai yake dirishani, amesimama, macho yako barabarani.

Mwaka 2002 alipata nafasi ya masomo ya juu Afrika Kusini, akarudi mwaka 2008 akiwa daktari wa falsafa, akaajiriwa kuwa mhadhiri katika chuo kimoja cha mjini Arua. Kwa wasioijua kazi yake, na ni wengi, maana baadhi ya wakwe waliamini kwa miaka kwamba anatabiri mvua na walimlaumu ilipochelewa, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyota kama jua letu ikizeeka hupuliza matabaka yake ya nje, moja baada ya jingine, na matabaka hayo huwa wingu linalong'aa kwa mwanga wa kiini kilichobaki, wataalamu huliita nebula ya sayari ingawa sayari haihusiki hata kidogo, waliolitazama kwanza kwa darubini ndogo waliliona duara kama sayari na jina likanata. Mwanga wa wingu hilo ukichambuliwa hutoa mistari ya rangi, haidrojeni ina yake, oksijeni ina yake, kaboni ina yake, na kwa kupima ukali wa mistari mtu aliye Arua, mchana kweupe, mbele ya kompyuta, anaweza kusema wingu lile lina nini ndani yake na kwa kiasi gani.

Vumbi lililomo ndani ya mawingu hayo ni la aina kuu mbili, masizi, ambayo ni vumbi la kaboni, na mchanga, ambao ni vumbi la madini yenye oksijeni. Draku aliwaeleza jambo hili hata wanawake wa soko la Inde huku wanampimia karanga, akisema kaboni na oksijeni hukimbilia kuoana kwanza, mmoja kwa mmoja, na upande uliozidi kwa idadi, ule unaobaki bila wenzi, ndio unaojenga vumbi. Kaboni ikizidi, tunapata masizi, oksijeni ikizidi, tunapata mchanga. Wanawake walimwelewa vizuri kuliko wanafunzi, na mmoja aliuliza kama huko juu pia waliobaki ndio wanaofanya kazi yote.

Tarehe 21 Juni 2012 jarida moja la nje lilichapisha makala yake, yenye jina lake peke yake, juu ya wingu moja dogo la anga ya kusini ambalo katika orodha lina namba ndefu lakini yeye aliliita Candiru, jina la mama. Makala ilisema gesi ya wingu lile ina kaboni nyingi kuliko oksijeni, wakati vumbi lake ni mchanga mtupu, na hilo ni sawa na kupanda karanga ukachimba viazi. Ilikuwa habari kubwa. Alialikwa kuzungumza nchi tatu, chuo kilimpandisha cheo, padri alimtaja kwenye mahubiri, na hapa Ajia alichinjiwa fahali ambaye baadhi yenu mlimla na mnamkumbuka mpaka leo.

Sasa tumefika pale panapouma. Jana saa kumi alasiri familia ilikaa kikao chini ya turubai hili, na Ivan alisimama akasema sehemu hii iondolewe, akasema, "Mutu nazikwa na sifa yake, hapana na makosa yake, baba alitosheka kuteseka." Alisema kwa mapenzi, na alilia, na hakuna aliyemlaumu. Mindra alimwonyesha karatasi ya tarehe 3 Januari mwaka huu, yenye sahihi ya marehemu, iliyosema kwamba kama historia yake itasomwa bila jina la Phiona Onziru, basi isisomwe kabisa, wamfukie kimya kimya waende kula. Ivan aliisoma mara mbili, akaikunja, akairudisha. Hivyo tunaendelea.

Phiona Onziru alikuwa mwanafunzi wa marehemu kuanzia mwaka 2015, binti wa Terego, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa, na Draku alimpa wingu la Candiru alipime upya kama zoezi la shahada ya pili. Ili kulisoma wingu la mbali lazima kwanza mtu alifute kwa hesabu vumbi lililoko njiani, kati yetu na lenyewe, kwa sababu vumbi hilo huufifisha mwanga wa bluu kuliko mwekundu, na mwanga ulio ng'ambo ya urujuani huufifisha zaidi, na mstari wa kaboni aliotumia Draku uko huko ng'ambo. Tarehe 9 Septemba 2016, saa tano asubuhi, Phiona aliingia ofisini kwake na daftari, akamwonyesha mistari ya haidrojeni, ule mwekundu na ule wa bluu, ambayo ukali wake unajulikana dunia nzima kuwa karibu tatu kwa moja, na katika hesabu za Draku ilitoka mbili kwa moja. Namba alizozitumia Draku aliletewa na mwenzake wa ng'ambo, na mwenzake huyo alikuwa ameshalifuta vumbi. Draku alilifuta tena. Kaboni ikavimba kuliko ilivyo, na ajabu yote ya wingu la Candiru ikazaliwa hapo.

Phiona alisema, "Mwalimu, hii vumbi ilishatoka mbele. Wewe nafuta kitu hapana iko." Draku, aliyekuwa amesimama kama kawaida yake, alijibu maneno ambayo baadaye aliyarudia kwa Patricia, kwa Mindra, kwa padri na kwa yeyote aliyekubali kumsikiliza, alisema, "Mimi nakula vumbi ya Arua miaka hamusini, wewe nataka kuonyesha mimi vumbi?" Kisha akaandika katika ripoti kwamba kazi ya mwanafunzi irudiwe kuanzia mwanzo. Muda wa Phiona chuoni uliisha kabla ya kurudia, na tarehe 2 Desemba 2016 aliondoka bila shahada, akaenda Omugo kufundisha hesabu katika shule ya msingi ya watoto wa wakimbizi, na kwa miaka mitatu Draku hakulitaja jina lake, ila alianza kuamka kabla ya jogoo na kuzunguka uani, na alipoulizwa anatafuta nini alisema hajui.

Alijua tarehe 26 Desemba 2019. Siku hiyo familia ilikwenda Koboko kumsalimia mama Bushira kwa sikukuu, mama mkwe akatoka na kiti, akakifuta kwa upindo wa kitenge chake mbele ya wageni wote, na Draku, kama alivyolelewa, alipoinama kukaa alichomoa leso akakifuta tena. Mama Bushira alikuwa amelinyamazia jambo hilo miaka ishirini na saba, na siku hiyo lilimfika kooni, akamwambia, "Mukwe, kiti yangu iko na makosa gani? Mimi nafuta, wewe nafuta tena, basi mikono yangu hapana mikono?" Watu walicheka. Draku hakucheka. Alisimama na leso mkononi mpaka kicheko kikaisha, akasema kwa sauti ndogo, "Phiona," akatoka bila kula, akakamata boda boda mpaka Arua, zaidi ya kilomita hamsini katika vumbi la kiangazi, akafungua jedwali la namba, akashuka mpaka mstari wa mwisho, wenye maandishi madogo ambayo kila mtu huyaruka, na maandishi yalisema kwamba vumbi la njiani limekwisha kuondolewa.

Mshangao wa mama Bushira ulikuwa mkubwa. Alidhani amevunja ndoa ya binti yake.

Wengi wameuliza, na tunajibu leo, kwa nini Draku hakuandika masahihisho wiki ile ile akamaliza. Angeweza, na jarida lingeyapokea. Lakini alimwambia Patricia kwamba kosa la kwanza lilikuwa la vumbi na la pili lilikuwa la mtu, na la pili halifutiki kwa namba, aliyeona ni Phiona, basi jina la kwanza liwe la Phiona, na kwa hilo lazima Phiona mwenyewe akubali na atie sahihi. Ndipo zilipoanza safari za Omugo. Alikwenda mwezi Februari 2020, barabara zikafungwa kwa korona, zilipofunguliwa akaenda tena, akaenda mvua na jua, mara nane kwa hesabu ya Yasiri, jirani yetu fundi wa redio na simu mwenye asili ya Koboko, aliyemwendesha kwa gari lake mara zote nane. Kila mara Draku alichukua masahihisho aliyokwisha kuyaandika, yamechapwa, yamepigiwa mstari mahali pa sahihi, na kalamu mbili endapo moja ingekataa. Kila mara Phiona alimkaribisha kwa adabu, akamfutia kiti ambacho hakukikalia, akampa chai aliyoinywa amesimama, akamwambia, "Mwalimu, chai iko, kiti iko, lakini sahihi yangu hapana iko."

Miaka hiyo ilikuwa migumu nyumbani, na familia haitaki kuipamba. Hakulala, alihama kutoka chumba hadi chumba na blanketi begani, aliacha kufundisha nebula akafundisha joto na mwendo tu, alikataa mialiko, na kila aliyemsifu kwa makala ya mwaka 2012 alimgeukia kwa hasira kana kwamba ametukanwa. Ayikoru anasema aliogopa kumwita baba yake mezani. Patricia alimvumilia mpaka alipochoka kuvumilia.

Mwezi Aprili 2025 figo zake zilianza kushindwa, akalazwa Arua, akapelekwa Kampala, akarudishwa, na daktari aliwaambia wanafamilia ukweli bila kuzunguka. Tarehe 14 Agosti 2025 alimwomba Yasiri gari kwa safari ya tisa, na Patricia, aliyekuwa anamkunjia nguo, aliziweka chini akamwambia, "Kila siku wewe napeleka karatasi imeandikwa yote. Yeye ataandika nini? Wewe naenda kufuta kiti ya mutu tena."

Tarehe 16 Agosti 2025 alikwenda Omugo bila masahihisho. Alibeba lile jedwali la namba kama alivyolipokea mwanzo, na daftari jipya, tupu, lisilo na hata jina kwenye jalada. Phiona alitoa kiti, akakifuta kwa upindo wa kitenge, na Yasiri aliona mkono wa Draku ukienda mfukoni kwenye leso, ukakaa humo kidogo, ukatoka mtupu. Akaketi. Aliketi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, hakuomba sahihi, miguu imetulia, na Phiona alisoma jedwali lile mara kadhaa huku akizunguka uwanja wa shule, yeye sasa ndiye aliyeshindwa kutulia. Mwishowe alisema, "Nitafanya. Lakini nitaanza mwanzo kabisa, na kama nitapata makosa ingine, nitaandika hiyo pia." Draku alimjibu, "Andika yote."

Phiona alilipima wingu la Candiru kwa likizo mbili na jioni nyingi, kwa kompyuta iliyofufuliwa na Yasiri, na kweli alipata kosa jingine, nitrojeni nayo Draku alikuwa ameikosea, si kwa mengi. Alipoletewa habari hiyo wodini marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kushika mpira wa dripu, na Patricia anasema hakuwa amekisikia kicheko kile tangu Koboko. Kazi ilitumwa kwa jarida tarehe 24 Novemba 2025. Kuanzia siku hiyo mgonjwa aliuliza neno moja kila asubuhi, "Imefika?" na Patricia alijibu, "Bado," na yeye aligeuza shingo upande wa mlango, na mikono yake haikutulia juu ya shuka. Hakuogopa kufa, aliogopa kuondoka wakati uongo wake bado uko rafuni, juu ya jina la mama yake na mbele ya jina la Phiona.

Constantino Draku alifariki Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, saa tano asubuhi, katika hospitali ya rufaa ya Arua, akiwa na umri wa miaka sitini na minne na miezi kumi na moja kasoro siku chache. Neno lake la mwisho lilikuwa lile lile, na jibu alilolisikia lilikuwa lile lile. Patricia anaomba ijulikane kwamba alifikiria kumdanganya, kusema ndiyo, imefika, afe akitabasamu, lakini ulimi ulikataa, na tangu hapo anajiuliza kama alifanya sawa. Patricia, ulifanya sawa. Mtu yule alishachoka na majibu mazuri yasiyo ya kweli.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja ambaye naye amekataa kukaa chini tangu asubuhi, ndugu watatu, na mama mkwe mwenye miaka themanini na minane ambaye amesafiri kutoka Koboko na kitenge chake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Arua na Kampala, hasa wale wa zamu ya asubuhi waliofundishwa kwa nguvu tofauti ya masizi na mchanga huku wanatafuta mshipa, inamshukuru Yasiri na msikiti wake walioleta viti na turubai kabla hatujaomba, wanawake wa Inde waliopika, majirani wa Ajia waliochimba, walimu wenzake na chuo chake waliopokea habari ya kosa lake bila kumvunjia heshima, na padri aliyekubali historia ndefu. Tunamshukuru Phiona Onziru. Amekaa mstari wa tatu, na alitukataza kumsimamisha.

Mwili wa kaka yetu ulipoletwa leo asubuhi, kiti chake cha mbao kiliwekwa kando ya jeneza na picha yake juu yake, na vumbi la barabarani lilikuwa limekifunika chote. Phiona alishuka kwenye gari, hakumsalimia mtu, akaiinua ile picha, akakifuta kiti kwa upindo wa kitenge chake, akairudisha picha. Kijana mmoja wa ukoo alikuja na kitambaa kukifuta tena, na mama Bushira alimshika mkono.

Draku, kuna jambo hukulisikia. Juzi, Jumatano tarehe 11, saa nne asubuhi, siku moja baada yako, ujumbe uliingia kwenye kompyuta dukani kwa Yasiri, akafunga duka akaja mbio hadi kwa Patricia, na Patricia, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu hospitali, alikaa chini sakafuni akalia. Masahihisho yamekubaliwa. Majina ni mawili, Phiona Onziru, kisha Constantino Draku. Yanasema gesi ya wingu lile ina oksijeni nyingi kuliko kaboni, vumbi lake ni mchanga, kama inavyopasa, na halina ajabu yoyote. Uliuliza kila asubuhi, nasi tunakujibu mbele ya watu wote hawa. Imefika, kaka. Basi kaa chini, kiti kimefutwa mara moja, na kimetakata. Pumzika kwa amani.